Kofia ya masalia ya uzi: ikikataa, tafuta ugonjwa kabla ya kufumua

Kofia yangu ya kwanza ya masalia inavaliwa na birika hadi leo. Niliifuma kwa ajili ya mtoto wa dada yangu aliyekuwa anaanza shule ya bweni huku Njombe, mwezi wa sita, wakati sakitu inalala kwenye majani na maji ya bomba yanauma vidole. Rangi saba, pindo jekundu, kishada juu. Mtoto akaivuta kichwani, ikagoma juu ya masikio. Akaniangalia kwa heshima zote: "Mama mdogo, labda tuivute kidogo." Tukaivuta. Uzi wa pindo ukakatika.

Tangu hapo nimefuma nyingi, na nimeletewa nyingi zaidi zilizokataa. Anayeileta huanza kwa kulaumu mikono yake, na mara nyingi mikono haina kosa. Masalia ni nyuzi zisizojuana. Huu ulibaki kwenye sweta la shule, ule kwenye shali ya mtoto mchanga, mwingine umefumuliwa kutoka sweta la mtumba. Unene haulingani, malighafi hailingani, na rangi zilitiwa kila moja kwao. Kwa hiyo nikiletewa kofia mgonjwa nahoji uzi kwanza, halafu sindano. Mikono naiacha mwisho.

Kofia ninayoizungumzia ni ile ya kawaida: sindano mbili, kipande bapa kinachoshonwa kisogoni, pindo la mbele mbili nyuma mbili, kisha mwili ulio laini upande wa nje. Nikisema "mbele" namaanisha kitanzi kinacholala kama herufi V. "Nyuma" ni kile kinachoacha nundu. Naanza na vitanzi 114: vitanzi 112 vya kofia yenyewe na viwili vya kuliwa na mshono.

Inashuka hadi puani, au inagoma juu ya masikio

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Chukua futi kamba. Laza kofia mezani bila kuivuta, hesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10, katikati ya mwili, mbali na pindo na mbali na mshono. Kichwa cha mtu mzima mara nyingi kina mzunguko wa sm 54 hadi 58, na kofia ya kufuma inatakiwa iwe pungufu ya kichwa kwa sm 5 hivi ili ishike. Kichwa cha sm 56, basi, kinataka kofia ya sm 51. Ukipata vitanzi 22 ndani ya sm 10, vitanzi 112 vinakupa hizo 51. Ukipata 20, vitanzi vilevile vimeshakuwa sm 56, kofia inashuka. Ukipata 25, hufiki hata sm 45, na hapo ndipo birika langu lilipopata bahati. Vitanzi viwili vitatu tu, ambavyo macho hayavioni, ndivyo vinavyomkosesha mtu kofia.

Ukishajua umekosea upande gani, tazama sindano. Namba tulizozizoea madukani ni za Kiingereza, ambako namba ikipanda sindano inakonda: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Sindano za mtumba zilizotoka Marekani nazo zina namba, lakini zinakwenda kinyume; namba 8 ya kwao ni milimita 5. Nina jozi ya namna hiyo kwenye kopo langu. Jirani aliiazima, akafuata maelezo yaliyosema "namba 8" neno kwa neno, akapata kofia ya kumtosha yeye na kilemba chake. Usiamini namba iliyogongwa kichwani mwa sindano. Itoboze kwenye karatasi ngumu, kisha pima upana wa tundu kwa rula.

Upande wa pili kuna spoku za baiskeli. Wengi wetu tulijifunzia hizo, na sizitukani, lakini spoku ina unene wa milimita 2 hivi. Uzi wa sweta ukifumwa kwa spoku unatoka kitu kigumu, kinachosimama chenyewe mezani. Uzi mzito wa kawaida unataka milimita 4 hadi 4.5.

Dawa? Kama imezidi kwa sm 2 au 3, pitisha uzi mwembamba wa lastiki kwa ndani ya pindo, mistari mitatu, basi. Kama imepungua kwa kiasi hicho, usifumue kofia nzima. Fungua mshono wa kisogoni, fuma kipande chembamba cha rangi nyingine, ukishone hapo katikati. Kwa kofia ya masalia hakuna atakayejua kama ulikusudia au hukukusudia. Ikizidi hapo, fumua.

Kuna kofia ambayo mwili unatosha kabisa, pindo tu ndilo linabana na kuacha alama kwenye paji. Huo ni mwanzo uliokazwa. Safari nyingine anzisha vitanzi juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, halafu chomoa moja. Kwa iliyokwisha kufumwa, kata uzi mmoja kwenye mstari wa pili kutoka chini, uondoe taratibu kitanzi kwa kitanzi, okota vitanzi vilivyobaki wazi kwa sindano, kisha vifunge kwa mkono mlegevu. Kazi ya jioni moja.

Na jamani, anayesuka rasta apimwe akiwa amesuka. Nywele za kuongezea zinaweza kula sentimita kadhaa, halafu lawama zinamrudia mfumaji.

Imevimba hapa, imeingia pale

Ukiilaza mezani inafanana na kiwavi: mstari wa bluu umetuna, wa njano umejikunja ndani. Hapo usihesabu hata kitanzi kimoja. Uzi wa bluu ni mnene kuliko wa njano, basi.

Kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni penseli. Zungushia uzi kwenye penseli, mizunguko ikae bega kwa bega bila kupandana, na hesabu inaingia mingapi ndani ya sm 2.5. Uzi mmoja ukitoa mizunguko 12 na mwingine 18, hao hawatakaa nyumba moja kwa amani.

Cha pili ndicho ninachokitumia mimi, kwa kuwa hakihitaji kitu. Pitisha uzi mmoja ndani ya mkunjo wa mwingine, kama viungo viwili vya mnyororo, ili kila uzi ujirudie kwa upande wake. Sokota pande zote mbili. Funga macho, kisha telezesha kidole gumba na cha shahada kutoka upande mmoja, pita kwenye kiungo, ingia upande wa pili. Unene ukitofautiana kidole kinagonga kizingiti. Usiposikia kizingiti, fuma.

Uzi mwembamba hatuutupi. Shika nyuzi mbili nyembamba pamoja zifanye kazi ya uzi mmoja mnene, na ukichanganya rangi, mfano kijani na kijivu, unapata madoadoa mazuri kuliko uzi wa kununua. Uzi mnene kupindukia upeleke kwenye pindo au kwenye kishada. Usiuweke katikati ya mwili kwa sababu tu rangi yake inakupendeza. Nimefanya hivyo mara tatu na mara tatu nimefumua.

Sehemu ya maua haivutiki

Mistari mitupu inatosha vizuri, lakini pale ulipofuma rangi mbili kwenye mstari mmoja, maua au pembetatu, kofia imebana kama mshipi. Igeuze ndani nje. Utaona nyuzi zinazosafiri kwa nyuma kutoka rangi hadi rangi, zimenyooka na kukaza kama kamba ya kuanikia nguo. Hizo ndizo zilizoifunga kofia.

Kila unapobadilisha rangi, kwanza tandaza vitanzi ulivyokwisha kufuma kwenye sindano ya kulia, vivute vipanuke, ndipo ulete rangi mpya kwa nyuma ikiwa imelegea kidogo. Kama uzi unaruka zaidi ya vitanzi vitano, unase katikati ya safari kwa kuupitisha chini ya uzi unaofuma nao. Usipofanya hivyo utabaki unaning'inia, na vidole vya mtoto au hereni za mama vitaukamata. Kofia iliyokwisha kubana kwa sababu hii haina tiba ya nje. Maji hayaisaidii.

Matundu mahali rangi zilipokutana

Kama ni michoro ya wima, ambako kila rangi ina eneo lake, tundu linatokea kwa sababu nyuzi mbili hazikukumbatiana. Kila ufikapo mpakani, pitisha uzi wa zamani juu ya uzi mpya kabla ya kuendelea. Kama ni mistari ya kulala, tundu liko pembeni, na mshono wa kisogoni utalificha.

Tatizo kubwa zaidi ni fundo. Watu hufunga fundo, wanakata ncha sm 1, wanasema tayari. Uzi wa akriliki unateleza. Kofia ikivutwa mara kumi fundo linafunguka, kitanzi kinakimbia hadi chini. Acha ncha ya sm 15 kila upande. Ukimaliza kufuma, chukua sindano yenye tundu pana na ncha butu, ichomeke ncha ya uzi upande wa ndani kwa sm 7 au 8, kisha geuza urudi nyuma sm 2 au 3. Huko kugeuka ndiko kunakoshika. Ncha nyekundu uifiche nyuma ya vitanzi vyekundu, si nyuma ya vyeupe. Ndiyo, kofia ya rangi 12 ina ncha zaidi ya 20, na kuzichomeka kunachosha kuliko kufuma. Mimi nachomeka kila baada ya rangi tatu, redio ikiwa imewashwa.

Kitanzi kikishakimbia usipaniki. Kiokote kwa sindano ya kroshia, panda nacho ngazi kwa ngazi ukivuta kila uzi uliolala hapo juu, hadi ufike ulipo.

Ilikuwa nzuri mpaka ilipofuliwa

Hapa ndipo masalia yanapomuumbua mtu, kwa sababu donge lisilo na karatasi yake halisemi ni la nini.

Sehemu moja imeingia na kuganda kama jamvi, nyingine iko vilevile: umechanganya sufu ya kondoo na akriliki, ukafua kwa maji ya moto huku ukisugua. Sufu ina magamba madogo yasiyoonekana. Joto na msuguano vinayafanya yashikane, na yakishashikana hayaachani tena. Akriliki haina magamba, inakutazama tu.

Kuzitambua, tumia moto. Kata kipande cha sm 5 cha kila uzi. Weka sufuria yenye maji mezani, watoto wakae mbali, shika uzi kwa koleo au kibanio cha chuma, usiushike kwa vidole. Washa. Sufu inawaka kwa kusitasita, inanuka nywele zilizoungua, na jivu lake ukilibonyeza likishapoa linasagika. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi, inaacha jivu laini la kijivu. Akriliki inayeyuka, inadondosha matone ya moto yanayogeuka shanga ngumu nyeusi. Hayo matone ndiyo sababu ya maji kuwa chini. Ndiyo sababu pia simruhusu mtoto aliyevaa kofia ya akriliki kuinamia jiko la mkaa.

Ukishajua, weka sufu na sufu. Kama lazima uchanganye, fua kofia yote kwa masharti ya aliye dhaifu kuliko wote: maji baridi, sabuni laini, kuminya bila kusugua.

Rangi imechuja, mstari mweupe umekuwa wa waridi: hilo nalo lingejulikana mapema. Lowesha uzi wenye rangi kali, hasa mwekundu, mweusi na bluu iliyokolea, uubane ndani ya kitambaa cheupe chenye unyevu kwa nusu saa. Kitambaa kikipata rangi, uzi huo suuza peke yake mara kadhaa mpaka maji yawe meupe, au uuweke kwenye kofia isiyo na nyeupe kabisa. Akriliki huchuja kwa nadra. Pamba na sufu ndizo za kuzitilia shaka. Utaambiwa loweka kwenye chumvi. Chumvi haifungi rangi iliyokwisha kutiwa vibaya, usipoteze chumvi yako. Kofia iliyokwisha kuchujiana irudishe majini upesi, kabla haijakauka, na suuza kwa maji baridi mengi. Ikikauka na doa, doa limehamia.

Ya tatu: kofia imelegea, inang'aa, pindo halirudi likivutwa. Umeipiga pasi. Pasi ya moto inaua mnyumbuko wa akriliki, na uliokufa haufufuki. Kofia ya akriliki inyooshe kwa mikono ikiwa na majimaji, ivishe bakuli lililofunikwa kifudifudi, liwe na mzunguko sawa na wa kofia, ikaukie kivulini.

Utosi umechongoka kama kichuguu

Umepunguza vitanzi polepole mno. Kwa ile kofia yetu, gawa vitanzi 112 mafungu nane ya 14, na vile viwili vya mshono viache pembeni. Punguza kitanzi kimoja katika kila fungu, yaani fuma viwili pamoja mara nane, mstari mmoja ndiyo, mmoja hapana, mara saba. Sasa kila fungu lina vitanzi saba. Kuanzia hapo punguza kila mstari, mara sita, ubaki na kimoja kwa kila fungu. Kata uzi ukiacha ncha ndefu, upitishe ndani ya vyote, vuta, funga kwa ndani. Jumla ni mistari 20. Ukiendelea na mstari mmoja ndiyo, mmoja hapana, hadi mwisho, inafika 26, na hiyo mistari sita ya ziada ndiyo kichuguu. Kinyume chake, ukipunguza kila mstari tangu mwanzo, mistari 13 tu, utosi unakuwa bapa na kofia inakuwa fupi.

Anayependa kofia yenye ncha kama ya mbilikimo wa hadithi asiguse kitu.

Uzi wa sweta la mtumba umejikunja kama tambi

Uzi uliofumuliwa unakumbuka sura yake ya zamani. Ukiufuma hivyohivyo vitanzi vinakaa upogo na kipimo chako kinakudanganya, kwa sababu ukifua unanyooka na kofia inaongezeka. Uzungushie mgongo wa kiti, ufunge kwa vipande vya uzi mahali pane kwa kulegeza, ulowe kwenye maji ya uvuguvugu, kisha utundike na kitu cha uzito wa wastani chini yake, mfano mwiko mkubwa wa ugali. Kesho yake uko tayari.

Lakini ugonjwa mbaya zaidi wa sweta la mtumba unaanzia mnadani. Geuza sweta ndani nje kabla ya kulipa. Mshono wa ubavuni ukiwa umepigwa overloki, zile nyuzi nyingi za zigizaga, ujue kitambaa kilikatwa kwa mkasi. Ukifumua utapata vipande vya urefu wa kifua tu, mamia. Unalotaka ni lile ambalo kila ukingo umefumwa wenyewe na mshono wake unafanana na msuko wa nywele.

Madogo madogo

Vitanzi vinaongezeka vyenyewe, ulianza na 114 sasa una 119: tazama mwanzo wa mstari. Ukiuvuta uzi kwenda juu ya sindano, kitanzi cha kwanza kinaonyesha miguu miwili na wewe unafuma yote miwili. Uzi ukae chini, upande wako.

Pindo linajikunja kwenda juu: hukuweka pindo, umeanza na mbele tupu, na hiyo ndiyo tabia yake. Sm 5 za mbele mbili nyuma mbili zinatosha.

Uzi umekwisha katikati ya mstari: mstari mmoja hula uzi wa kama mara tatu ya upana wake. Mimi nahesabu mara nne, ili ncha zipate chao. Kwa sm 51 hiyo ni mita mbili kwa mstari; kipande cha mita sita ni mistari mitatu, usikilazimishe minne. Kofia nzima ya mtu mzima hula gramu 70 hadi 100, na mizani ya dukani kwa mangi itakuambia kama kikapu chako kinatosha.

Inawasha pajini: kata utepe wa pamba laini kutoka fulana ya zamani, ushone kwa ndani ya pindo kwa mkono mlegevu. Kwa mwenye nywele asilia, bitana ya satini ndani ya kofia nzima huokoa nywele zisikatike.

Upepo unapita: vitanzi ni vilegevu. Ongeza pindo liwe sm 12 na ulikunje mara mbili juu ya masikio. Hapo ndipo baridi ya huku inapoingilia.

Na kishada kimedondoka. Kilifungwa kwa uzi uleule laini uliokitengeneza, na huo hukatika ukikazwa. Funga katikati kwa uzi imara wa kushonea viatu, acha ncha mbili ndefu, zipitishe utosini hadi ndani, uzifunge kwenye kifungo cha shati. Siku ya kufua unafungua kifungo, kishada kinabaki kavu mezani.